LUKU unalipa kabla, maji unalipa baadaye: Jinsi ya kujua faida halisi ya duka lako

Mwanza. Ukiwa na duka, saluni, mgahawa au mashine ya kusaga hapa Nyamagana, kuna bili mbili zinazokuchanganya kila mwezi, na huenda hujawahi kuzishtukia.

Ya kwanza ni umeme. Unanunua LUKU leo, unautumia kesho na keshokutwa. Hela imetangulia, matumizi yanafuata.

Ya pili ni maji. Wateja wengi wa Mamlaka ya Maji Safi na Usafi wa Mazingira Mwanza (MWAUWASA) wanatumia kwanza, dira inasomwa, kisha bili inaingia kwenye simu ikiwa na namba ya kumbukumbu ya malipo. Hapa matumizi yametangulia, hela inafuata.

Sasa ukikaa tarehe 30 jioni na daftari lako, ukaandika tu hela iliyotoka mwezi huo, unakuwa umechanganya miezi mitatu kwenye karatasi moja. Kuna umeme wa mwezi ujao, kuna maji ya mwezi uliopita, na pango huenda halimo kabisa kwa sababu ulilipa miezi sita kwa mkupuo.

Kama duka ni lako peke yako, unajidanganya mwenyewe. Kama mko wawili na mnagawana faida, mmoja wenu anaumia.

Kanuni yenyewe ni fupi

Gharama ya mwezi ni kile ulichotumia mwezi huo. Umelipa lini, hilo ni swali jingine.

Kutokana na kanuni hiyo wahasibu wanapata vitu viwili:

- Malipo ya kabla. Umeshalipa, hujatumia. Uniti zilizobaki kwenye mita na miezi ya pango ambayo haijafika ni mali yako. Ziandike upande wa mali.

- Gharama iliyoiva. Umeshatumia, hujalipa. Maji uliyotumia ambayo bili yake haijaja ni deni lako. Liandike upande wa madeni.

Basi. Kinachobaki ni kuhesabu, na hesabu zake ni za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya.

Tuchukue duka la samaki

Duka hili ni la mfano tu, siyo la mtu fulani. Liko Igogo, linauza sato na sangara wa kwenye friza, pamoja na barafu. Wamiliki ni wawili, dada na mdogo wake wa kiume. Kila mwisho wa mwezi wanagawana nusu kwa nusu kilichobaki kwenye droo.

Juni ikaisha hivi: baada ya kutoa gharama ya samaki, usafiri na posho ya kijana wa dukani, ikabaki Sh900,000. Hapo bado umeme, maji na pango.

Hela iliyotoka Juni kwa vitu hivyo vitatu ni hii:

- LUKU, walinunua mara tatu: Sh350,000
- Bili ya maji iliyokuja Juni: Sh42,000
- Pango: sifuri (walilipa Sh720,000 mwezi Aprili kwa miezi sita)

Kwa hesabu ya droo, Juni imebakiza Sh508,000. Kila mmoja Sh254,000, wanapeana mikono, maisha yanaendelea.

Tuipitie moja moja.

Umeme: Soma mita, usisome risiti peke yake

Ununuzi wa mwisho wa LUKU ulikuwa wa Sh150,000, tena tarehe 28. Huo ni umeme wa Julai kwa sehemu kubwa. Kuutupia wote Juni ni kuionea Juni.

Uzuri wa LUKU ni kwamba mita inakuambia salio. Bonyeza rimoti ya mita, utaona uniti zilizobaki. Kwa duka letu:

- Tarehe 1 Juni asubuhi mita ilisoma uniti 40
- Uniti zilizonunuliwa Juni, kwa kujumlisha tokeni zote: 978
- Tarehe 30 Juni usiku mita ilisoma uniti 310

Hesabu: 40 jumlisha 978, toa 310. Walizotumia ni uniti 708.

Uniti moja ni shilingi ngapi? Tuchukue bei ya kundi la T1 ya Sh292, ambayo ni kabla ya makato. Juu yake kuna VAT asilimia 18, tozo ya umeme vijijini (REA) asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1. Jumla inafika kama Sh356 kwa uniti.

Kwa hiyo umeme wa Juni ni uniti 708 mara Sh356, sawa na kama Sh252,000. Siyo Sh350,000.

Na zile uniti 310 zilizobaki? Ni kama Sh110,000 iliyokaa ndani ya mita. Ni mali ya duka, sawa na samaki waliobaki kwenye friza.

Subiri, kuna Sh1,500 imejificha

Kwenye ununuzi wa kwanza wa mwezi, LUKU inakata kodi ya jengo. Utaratibu huu ulianza mwaka 2021 kwa Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda hadi Sh1,500. Kwa ghorofa ni zaidi ya hapo.

Hiyo siyo gharama ya umeme. Na kama umepanga, siyo yako pia, kwani kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba. Wewe umemlipia tu kwa sababu mita iko kwenye matumizi yako.

Iandike kama deni unalomdai mwenye nyumba, kisha mkubaliane akupunguzie kwenye pango. Sh1,500 ni ndogo, lakini kwa mwaka ni Sh18,000. Ukiiacha ndani ya umeme, utaona umeme umepanda wakati haujapanda.

Maji: Usisubiri bili ndiyo uandike

Bili ya Sh42,000 waliyolipa Juni ilikuwa ya maji ya Mei. Juni wenyewe haujaandikiwa hata tone moja.

Bili ya Juni itakuja Julai. Je, usubiri? Hapana, dira iko ukutani na wewe una macho:

- Dira tarehe 31 Mei: 1,212
- Dira tarehe 30 Juni: 1,256
- Walizotumia Juni: uniti 44 (uniti moja ya maji ni lita 1,000)

Bei ya kutumia utaipata kwenye bili iliyopita. Bili ya Mei ilikuwa Sh42,000 kwa uniti 28, ukijumlisha kila kitu kilichomo. Gawanya, unapata Sh1,500 kwa uniti.

Uniti 44 mara Sh1,500 ni Sh66,000. Hiyo ndiyo gharama ya maji ya Juni, hata kama hakuna aliyekudai bado.

Haya ni makadirio, na yanakubalika. Bili ikija na tofauti ndogo, utairekebisha Julai. Kinachokosewa zaidi ni kuandika sifuri kwa sababu eti meseji ya bili haijaingia.

Pango: Miezi sita haiwezi kuliwa na mwezi mmoja

Hii haihitaji mita. Sh720,000 gawanya kwa 6 ni Sh120,000 kwa mwezi. Kila mwezi kuanzia Aprili hadi Septemba unabeba Sh120,000 yake.

Mwisho wa Juni wameshakaa miezi mitatu. Imebaki mitatu: Julai, Agosti na Septemba. Hiyo ni Sh360,000 waliyolipa kabla, ni mali ya duka.

Sasa Juni imeleta faida gani?

- Kabla ya bili: Sh900,000
- Toa umeme: Sh252,000
- Toa maji: Sh66,000
- Toa pango: Sh120,000
- Faida halisi: Sh462,000

Droo ilisema Sh508,000. Tofauti ni Sh46,000.

Unaweza kusema Sh46,000 siyo ya kufa mtu. Angalia ndani yake. Umeme ulikuwa umezidishwa kwa Sh98,000, maji yamepunguzwa kwa Sh24,000 na pango limefichwa lote, Sh120,000. Makosa makubwa matatu yamekutana na kufunikana. Mwezi ujao huenda yasifunikane.

Halafu ona kitu kingine ambacho droo isingekuambia. Maji yameruka kutoka uniti 28 Mei hadi 44 Juni. Wauzaji wa samaki wanaosha sana, sawa, lakini ongezeko hilo ni zaidi ya nusu. Funga koki zote usiku, soma dira, soma tena asubuhi. Kama imetembea, bomba linavuja na unalipia.

Umeme vilevile. Uniti 708 kwa siku 30 ni kama uniti 23 na nusu kwa siku. Julai ikifika 30 kwa siku na friza ni zilezile, kagua mpira wa mlango kabla hujalaumu bei.

Mshirika anapoondoka

Hapa ndipo hela inapotea kwa kweli, na undugu nao unaingia doa.

Tuseme mdogo mtu amepata kazi Geita, anaondoka tarehe 30 Juni. Dada anabaki na duka. Wanagawana droo kama kawaida, yeye anachukua Sh254,000, wanaagana vizuri.

Je, amepata haki yake? Hapana.

Rudi Aprili. Siku ile Sh720,000 ya pango ilipotoka, ilitoka kwenye hela ya wote wawili. Mgawo wa Aprili ulikuwa kiduchu kwa sababu pango la miezi sita liliulemea. Kaka alibeba nusu ya pango la Julai, Agosti na Septemba, miezi ambayo hatakuwepo.

Uniti 310 kwenye mita nazo ni za wote. Kwa upande mwingine, maji ya Juni waliyatumia pamoja na bado hayajalipwa, kwa hiyo nusu ya deni hilo ni lake.

Tuziweke pamoja:

- Pango lililobaki: Sh360,000
- Uniti kwenye mita: Sh110,000
- Kodi ya jengo wanayomdai mwenye nyumba: Sh1,500
- Toa deni la maji: Sh66,000
- Kinachobaki: Sh405,500

Nusu yake ni Sh202,750. Hicho ndicho anachodai juu ya mgawo wa droo. Anatakiwa kuondoka na Sh456,750, siyo Sh254,000.

Utauliza, mbona faida ya Juni imeshuka, lakini anayeondoka anadai zaidi? Kwa sababu droo iliikata sana miezi iliyopita na kuionea huruma Juni. Anayeendelea kuwepo atafidiwa polepole, Julai hadi Septemba atakapokaa bila kulipa pango. Anayeondoka hana miezi hiyo, kwa hiyo lazima afidiwe siku ya kuondoka.

Ingeweza kuwa kinyume pia. Kama wangekuwa wanalipa pango mwisho wa miezi sita na mita imekauka, anayeondoka angeacha madeni nyuma na dada ndiye angeumia. Ndiyo maana usikubali kuvunja ushirika kwa kuangalia droo tu. Someni mita, someni dira, angalieni mkataba wa pango.

Hata ukinunua biashara ya mtu pale Mlango Mmoja au Buhongwa, hesabu ni hiyohiyo. Muulize muuzaji: maji yamesomwa lini mara ya mwisho, pango limelipwa hadi lini?

Julai: Usiandike mara mbili

Kosa linalofuata linawapata hata walioanza vizuri.

Julai bili ya maji ya Juni inakuja, tuseme ni Sh67,500. Dada analipa, kisha anaandika Sh67,500 kwenye gharama za Julai. Ameharibu. Sh66,000 ilishaandikwa Juni kama gharama na kama deni.

Inavyotakiwa: Sh66,000 inafuta deni. Sh1,500 iliyozidi ndiyo inayoingia Julai. Kisha mwisho wa Julai anasoma dira upya na kuandika maji ya Julai yenyewe.

LUKU ni hivyohivyo. Uniti 310 za mwisho wa Juni ndizo uniti za kuanzia Julai. Ukisahau kuzijumlisha, Julai itaonekana imetumia umeme kidogo kuliko ukweli.

Sheria inasemaje?

Kwa mfanyabiashara mdogo binafsi ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi Sh100 milioni, kodi ya mapato kwa kawaida inakadiriwa kwa mauzo. Kwa hiyo hesabu hizi hazibadilishi kodi yake. Zinabadilisha maamuzi yake: apandishe bei au asipandishe, aongeze friza au asiongeze, agawane kiasi gani.

Ukisajili kampuni, mambo yanabadilika. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, inaitaka kampuni iandike gharama na mapato kwa wakati yanapoiva, siyo kwa wakati hela inapopita. Viwango vya kimataifa vya uandaaji wa hesabu, ambavyo Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA) ilianza kuvitumia nchini Julai 2004, vinataka hivyohivyo.

Hata Serikali yenyewe ilianza safari ya kuhamia mfumo huu mwaka wa fedha 2012/13, kutoka ule wa kuandika tu fedha iliyoingia na kutoka.

Ndiyo maana mkaguzi wa hesabu akija kukagua mwaka ulioishia Desemba, anakuomba bili za Januari na Februari. Anataka kuona kama kuna maji, simu au ulinzi uliotumia Desemba ukaviacha nje ya daftari ili faida ipendeze. Ofisa mikopo mzoefu naye atauliza hivyo.

Upande wa pili wa bili

Kinachokuwa mali kwako ni deni kwa mwenzako. Uniti ulizolipia kabla, TANESCO wanakudai nini? Hawakudai, wewe ndiye unayewadai umeme. Hela wanayo, huduma bado hawajaitoa.

Kwa maji ni kinyume. Mamlaka imesukuma maji kutoka ziwani, imeyatibu, umeyatumia, na hela haijaiona. Lita ulizotumia Juni ni mapato yake yaliyoiva, lakini yako mikononi mwako.

Ukiliona hilo unaelewa kwa nini baadhi ya mamlaka za maji nchini, ikiwemo ya Iringa, zimefunga mita za maji za malipo ya kabla. Mita za namna hiyo zikifika kwako, maji nayo yatahama kutoka upande wa madeni kwenda upande wa mali. Daftari lako lijue siku ya kuhama.

Lini usijisumbue

Kama ni kibanda cha kuchaji simu na unanunua umeme wa Sh2,000 kila baada ya siku mbili, mwisho wa mwezi kinachobaki kwenye mita hakina uzito. Andika ulichonunua, tembea.

Jiulize hivi: tofauti hii ingenibadilishia uamuzi? Kama hapana, iache. Ila pango la miezi mingi usiliache kamwe, hata kama biashara ni ndogo.

Fanya hivi kila siku ya mwisho ya mwezi

1. Piga picha mita ya umeme na dira ya maji baada ya kufunga. Picha inabaki na tarehe kwenye simu, hakuna wa kubishana nayo.

2. Jumlisha uniti zote za tokeni za mwezi. Meseji za LUKU usizifute.

3. Umeme: uniti za mwanzo, jumlisha ulizonunua, toa zilizobaki. Zidisha kwa bei.

4. Maji: dira ya leo toa dira ya mwezi uliopita. Zidisha kwa bei ya bili ya mwisho.

5. Pango, leseni, ulinzi na chochote ulicholipia miezi mingi: gawanya kwa miezi yake, chukua sehemu ya mwezi mmoja.

6. Andika orodha mbili chini ya ukurasa: "tulivyolipia kabla" na "tunavyodaiwa". Mwezi ujao anzia hapo.

Mkiwa washirika, wote wawili wekeni sahihi chini ya orodha hizo. Ni kazi ya nusu saa. Siku mmoja wenu akiondoka, mtafungua ukurasa na kulipana, badala ya kwenda kusuluhishwa na wazee.